Kiti Kisichouma

Nipeni masikio, nami nitawapa kazi. Hadithi hii niliipokea haina jibu, na hivyo hivyo nawapa. Atakayenifuata kesho sokoni kuniuliza nani alikuwa na haki, nitamgeuzia swali lake mwenyewe. Mwenye moyo mwepesi aende akatazame chungu chake jikoni, maana humu ndani hamna harusi.

Katika mji wa Chanjaani waliishi mafundi watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Vuai seremala alijua miili. Akialikwa harusini hakusikiliza ngoma, akienda msibani hakusikiliza dua. Alitazama watu walivyokaa. Alijua nani ataanza kuhamisha paja, nani atajinyoosha mgongo, na ni kitu gani katika benchi kilichomsumbua. Ukiketi tu mbele yake, Vuai alikwisha kujua utainuka lini.

Bi Mize mchonga nakshi alijua macho. Mtu alikwenda kwake kutaka kasha la nguo, kasha tu, akarudi nyumbani na kitu ambacho hakuthubutu kukitia nguo. Mkewe alilalamika, akaja kulitazama hilo kasha, naye akanyamaza. Bi Mize alipenda kusema, "Mimi nikishalipendeza jicho la mtu, mkono wake hauulizi tena maswali."

Machano alijua nyoyo. Huyu hakushika randa wala tindo, na watu walimcheka kwamba ni fundi wa kukaa. Kazi yake ilikuwa kupanga: mlango uelekee wapi, mgeni apokewe na nani, aone nini kwanza, asikie nini mwisho. Ukitoka katika nyumba aliyoipanga Machano ulitoka umefurahi, na ukiulizwa umefurahia nini, huna la kusema.

Hawakupendana. Walisalimiana vizuri, kila mmoja akiamini kwamba wale wawili wanaishi kwa jasho lake.

Sasa ujueni na mji wenyewe. Chanjaani palikuwa na desturi ambayo wazee wa zamani waliiweka kwa ajili ya wanyonge. Mwenye shauri alikwenda barazani kwa Jumbe, akapewa kiti, akasema. Madhali ameketi, hapana wa kumkatiza, hata Jumbe mwenyewe. Angeweza kusema mpaka jua linatua na Jumbe akatulia akasikiliza. Lakini akishainuka, amemaliza. Shauri lile halirudiwi tena, si na yeye, si na mwingine kwa niaba yake. Wazee waliona wamefanya jambo la haki, na kweli walilifanya. Ila hawakufikiria kiti.

Aliyekifikiria ni Jumbe Ngwali. Huyu alikuwa mvivu wa masikio. Mpaka wa shamba, mbuzi aliyekula mihogo, mume aliyehama chumba, yote yalimchosha, na kwa desturi hakuweza kumwambia mtu yeyote basi. Akawaita mafundi watatu.

"Nataka watu waje, waseme kidogo, waondoke," akasema. "Tena waondoke wananishukuru. Nikimfukuza mtu nimevunja desturi na mji utaniinukia. Nitengenezeeni kiti."

"Kiti chenye miiba?" akauliza Vuai, kwa mzaha.

"Sitaki mzaha. Lile shamba langu la mikarafuu, lenye chemchemi, nitampa mmoja wenu. Mmoja tu, yule ambaye bila yeye kiti hiki kisingekuwa kitu."

Hapo mzaha ukaisha. Shamba lile halikuwa na mfano Chanjaani nzima. Maji yake hayakukauka hata kiangazi.

Vuai akaanza. Alichonga kiti kipana, imara, kisichotikisika. Kisha akaipunguza miguu ya mbele, unene wa ukucha tu, na ubao wa kukalia akaupiga msasa mpaka ukawa laini mno. Aliyekikalia hakuumia popote. Ila mapaja yake yalifanya kazi ya kumzuia asiteleze, kidogo kidogo, bila ya yeye kuambiwa, na baada ya muda mwili mzima ulichoka uchovu usio na mahali. "Kiti kikiuma, mtu atakilaani kiti," Vuai alieleza. "Kisipouma, atadhani ni yeye mwenyewe." Wakakijaribu. Mkulima mmoja mtu mzima akaketi, akasema nusu ya shauri lake, akainuka. Jumbe akafurahi. Lakini yule mzee, kabla hajatoka, akapiga magoti akachungulia chini ya kiti akauliza, "Kiti gani hiki?" Jumbe akatoka jasho.

Ndipo akaingia Bi Mize. Alikivisha kiti nakshi za maua na minyororo, akatia vipande vya mpingo na mfupa mweupe, na miguuni akachonga majani madogo ambayo ungetaka kuyagusa. Kikawa kiti cha kumkalisha mfalme. Maskini alipoambiwa akikalie aliona ameheshimiwa maisha yake yote kwa mara moja, na kwa ile heshima hakujitupa nyuma wala kukaa kitako kizima. Alikaa ukingoni, pale pale Vuai alipopataka. Hakuna aliyekichungulia tena. Nani angetia shaka kitu kizuri namna ile? Lakini walipotoka walisimama nje wakikunja nyuso. "Sijui nimepatwa na nini," walisema. "Nilikuwa na mengi." Na Jumbe alizisikia hizo sauti kupitia dirishani, akapoteza usingizi wa mchana.

Ndipo akaingia Machano. Hakukibadili kiti, alikihamisha tu. Akakielekeza kwenye mlango, mlango ukaachwa wazi, ili aliyeketi aione njia ya nyumbani muda wote anaosema. Mlangoni akamweka tarishi mwenye uso wa huruma, na sinia ya kahawa na halua. Mtu alipoinuka tu, kabla hajajiuliza kwa nini ameinuka, tarishi alimkabidhi kikombe akamwambia, "Hongera, umesema vyema. Jumbe amekusikia." Basi. Mtu mwenye halua mdomoni na hongera sikioni alikwenda nyumbani akawaambia watoto wake kwamba leo amezungumza na Jumbe kama mtu na mwenziwe.

Nami nasema bila kuona haya: kilikuwa kiti cha ajabu. Hakikuwa na kilichozidi wala kilichopungua. Baraza lililokuwa likimalizika magharibi likawa linamalizika kabla ya adhuhuri, na mji mzima ukamsifu Jumbe kwa subira yake. Jumbe akawaambia mafundi, "Shamba nitalitoa siku ya sherehe ya mavuno. Kwanza nikitazame kiti kinavyofanya kazi."

Kikafanya kazi. Sikilizeni kilivyofanya kazi.

Ghala la karafuu la Jumbe liliteketea mchana mmoja wa upepo, na kijana aitwaye Shaame akakamatwa, kwa kuwa wiki ile aligombana na msimamizi wa ghala. Hukumu ya kuchoma ghala ni kunyongwa, na mfungwa hapewi kiti, husemewa na mzazi wake. Shaame alikuwa mtoto pekee wa Bi Mafunda, kungwi wa mji, aliyewafunda wasichana wa Chanjaani namna ya kukaa, kula na kusema na wakubwa. Hapakuwa na mwanamke mwenye adabu kumshinda, hata Jumbe alisimama alipopita.

Bi Mafunda alijua kitu kimoja. Siku ya moto Shaame alikuwa Mtopezi, mwendo mrefu kutoka mjini, anapiga ngoma harusini, na kikundi kizima cha wapiga ngoma kilikuwa naye. Sentensi moja, jamani. Angeisema hiyo, watu wangepelekwa Mtopezi kuuliza, na kijana angelala kwao.

Akaja barazani amejitanda kanga mpya. Akakiona kiti akasita, kwa uzuri wake. Akaketi ukingoni.

"Sabalkheri, Jumbe."

"Sabalkheri, Bi Mafunda."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Mke mkubwa hajambo? Na mke mdogo? Na yule mtoto aliyekuwa na homa, kapona?"

Msimcheke. Alikuwa akiomba roho ya mwanawe kwa njia pekee aliyoijua, ile aliyoifundisha nusu ya mji. Mtu haingii kwa mkubwa akabwata haja yake mlangoni. Akauliza goti la Jumbe, akauliza ng'ombe aliyezaa, akamwombea rehema marehemu baba yake Jumbe kwa jina. Na mapaja yake, huku chini, yalikuwa yanachoka. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, na watu wanaongoja wakamtazama, na akahisi aibu asiyoijua inakotoka, kwamba anawachosha watu wazima.

"Jumbe wangu," akasema, "kilichonileta ni huyu mwanangu Shaame. Siku ile ya moto..."

Akateleza. Kidogo tu. Na Bi Mafunda, ambaye hajapata kukaa vibaya mbele ya mtu, akainuka ili akae vizuri.

"Ameinuka!" akanadi mpiga mbiu wa baraza, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza kila anayeinuka.

Jumbe alijua hajamaliza. Kila aliyekuwapo alijua. Jumbe akatazama dirishani. Tarishi akaja na uso wake wa huruma, akamtia kikombe mkononi. "Hongera, bibi. Umesema vyema. Jumbe amekusikia." Na yule mama, hamtaamini, akakipokea. Kwa adabu. Akanywa mpaka mwisho, kwa kuwa kumrudishia mtu kikombe chenye kahawa ni kumtukana.

Shaame akanyongwa Ijumaa.

Msibani wanawake walimshika Bi Mafunda asijitupe chini. Hakumlaani Jumbe. Hakukitaja kiti. Alisema neno moja akilirudia mpaka sauti ikamkauka: "Nimemuua mimi. Mwanangu alinisubiri niseme, nami nikainuka."

Mafundi watatu walikuwapo, wamekaa mkekani pamoja.

"Mmesikia?" Vuai akanong'ona. "Anajilaumu mwenyewe."

"Jana alinisifia zile nakshi," akasema Bi Mize. "Na macho yamemvimba vile."

"Na kahawa aliimaliza," akasema Machano.

Msidhani walikuwa mashetani. Fundi akiona kazi yake imefanya kile alichoikusudia, moyo wake hucheka hata mahali pa kulia. Mimi nawachukia hata hivyo.

Ikafika sherehe ya mavuno. Mji mzima ukakusanyika uwanjani, kiti kikawekwa katikati kwa fahari, na Jumbe akawaita mafundi waseme kila mmoja kwa nini shamba liwe lake.

"Mimi ndiye ninayewainua," Vuai akasema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma. "Toeni nakshi, mtu atainuka. Toeni kahawa, atainuka. Nyoosheni miguu niliyoipunguza, na watu watakaa hapa wakisema mpaka wazeeke. Kila mtu aliyenyamazishwa na kiti hiki nimemnyamazisha mimi."

Bi Mize akacheka. "Ulimnyamazisha nani? Si yule mzee alipiga magoti akakichungulia mara ya kwanza tu? Mimi ndiye niliyewaziba macho. Kukaa ukingoni nimewakalisha mimi. Bila mimi kiti chako kingekuwa kuni."

"Na kila mtu angetoka na kinyongo," akasema Machano, taratibu, "na kinyongo kingekuwa fitina, na leo tusingekuwa na Jumbe. Nyinyi mmewainua watu. Mimi nimewafanya waamini kwamba wamemaliza. Kama si mimi, hata Bi Mafunda angepiga kelele pale pale, nanyi mngemsikia."

Watu wakaguna. Bi Mafunda alikuwa amesimama miongoni mwa wanawake. Alikigeukia kiti, akakitazama kwa muda mrefu, mara ya kwanza kukitazama bila ya kukipenda.

Na kabla Jumbe hajatamka, wakaingia wapiga ngoma wa Mtopezi, walioalikwa kuchangamsha sherehe. Mkubwa wao akamsalimu Jumbe, akaangaza huku na huku.

"Shaame wetu yuko wapi? Tumemletea ngoma yake."

Wanawake wakamsogelea Bi Mafunda.

"Tangu ile harusi hatujamwona," akaendelea yule mtu, kwa furaha zake. "Siku ile ghala lenu lilipoungua. Moshi tuliuona wote kutoka kwetu, yeye kaning'iniza ngoma begani, akatuambia, jamani, kwetu kunaungua."

Watu wakaanza kuinama kuokota mawe, na kila mmoja alijua jiwe lake litamwendea nani. Jumbe Ngwali hakuwa mjinga. Alikuwa mvivu, lakini mjinga hakuwa. Akasimama upesi akainua mkono.

"Watu wa Chanjaani! Damu ya Shaame inadai, na roho italipwa kwa roho. Roho moja kwa roho moja, ndiyo sheria yetu. Muuaji hana haja ya kutafutwa. Mmewasikia wenyewe sasa hivi, kwa vinywa vyao, kila mmoja akisema ni yeye."

Ndipo ungewaona.

"Ukucha!" Vuai akapiga kelele. "Nilipunguza unene wa ukucha! Nani amepata kufa kwa ukucha? Mzee yule alikigundua siku hiyo hiyo. Angekigundua na Bi Mafunda, kama kisingefunikwa maua."

"Maua hayainui mtu," akasema Bi Mize. "Nimepamba milango yenu yote, vitanda vyenu, majeneza ya wazee wenu. Nimemuua nani? Mimi nimempa mama huyu kitu kizuri cha kukalia. Ni nani aliyemtia kikombe mkononi akamziba mdomo?"

"Kahawa na halua!" Machano akalia, akalia kweli, kwa machozi. "Alikwisha kuinuka nilipompokea. Shauri lilikwisha kufa. Nyinyi wawili mlimwangusha, mimi nilimfuta vumbi. Ni kosa kumfuta mtu vumbi?"

Mnaona? Kila mmoja, kabla jua halijasogea, alikuwa amekuwa fundi mkuu na fundi asiye na maana, na mara zote mbili alikuwa na hoja.

Jumbe akamgeukia Bi Mafunda. "Mama, mtoto ni wako. Chagua wewe. Utakayemtaja atanyongwa leo, na wale wawili watagawana shamba, kwa kuwa nimeahidi shamba na ahadi yangu sivunji. Usipomtaja yeyote, shauri limekwisha, na shamba watagawana wote watatu."

Naona mmoja wenu hapo nyuma ananyoosha kidole anataka kusema Jumbe. Nilikujua tangu ulipokohoa. Jumbe hakuwemo katika wa kuchaguliwa, ndugu yangu. Jumbe ndiye aliyetoa ruhusa ya kuchagua. Na yule mwingine anayemnong'oneza mwenziwe kwamba mama alijiponza kwa salamu zake, namwomba atoke nje, kwa sababu maneno hayo ndiyo ambayo kiti kilitengenezwa kumsemesha.

Bi Mafunda akasogea mbele. Akafungua kinywa amtaje mtu. Mpiga mbiu akamzuia kwa heshima zote, akamwonyesha kiti. Desturi ni desturi: mwenye shauri husema akiwa ameketi, na kiti cha shauri ni kile kile.

Mama akakaa.

Safari hii hakusalimia. Hakuuliza goti la mtu. Alikaa kitako kizima, akaushika ubao kwa mikono miwili mpaka vidole vikageuka rangi, akamtazama Vuai, ambaye alikuwa akiyaangalia mapaja yake na kumwomba Mungu. Akamtazama Bi Mize, aliyeinama. Akamtazama Machano, na nyuma ya Machano tarishi alikuwa amekwisha kumimina kahawa. Ubao ni laini mno, na mikono ya mama ina jasho.

Bado hajateleza, ila ameanza. Je, wewe ungemtaja nani, kabla hujainuka?